Dhahabu ya Maman Prezidante

Kama kuna kitu ambacho Maman Prezidante hakuwahi kukipaka rangi ya dhahabu, basi ni kwa sababu hakikuwahi kupita karibu na mlango wake. Alipaka nyota, malaika, kengele, mishumaa ya plastiki, na maboksi matupu yaliyofungwa utepe ili yafanane na zawadi. Mwaka mmoja alimpaka hata jogoo wa jirani, ambaye kosa lake lilikuwa kukanyaga magazeti yenye rangi mbichi. Jogoo yule alizunguka mtaa wetu wa Kamembe hadi karibu na Pasaka akiwa na miguu ya kifalme, na mwenye jogoo alipokuja kulalamika aliambiwa ashukuru, kwa kuwa sasa ana jogoo wa kuheshimika.

Jina la ubatizo la Maman Prezidante ninalijua, lakini hakuna aliyelitumia, nami sitaanza leo. Alikuwa rais wa kikundi cha akina mama wa kanisa letu, na kwa sisi tuliolelewa ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, tukarudi na Kifaransa mdomoni, rais mwanamke ni Prezidante. Alichaguliwa mara moja, kwa kunyoosha mikono. Uchaguzi uliofuata nasikia ulifanyika jikoni kwake, wapiga kura wakiwa yeye na sufuria. Mimi nilikuwa katibu wake, cheo ambacho kazi yake ilikuwa kuosha.

Kuosha nini? Mapambo. Kila mwaka Majilio yalipokaribia alituita uani kwake, tukakuta boksi kubwa limefungwa kamba, na yeye amesimama kando yake amevaa kitenge cha Jumapili. Alingoja tutulie. Kisha alisema maneno yaleyale ya mwaka uliopita: "Mutoto yangu ya Bulaya amenikumbuka tena." Tulipiga makofi, boksi likafunguliwa, na ndani yake mlikuwa na takataka.

Ninasema takataka kwa kuwa sina neno jingine. Mipira ya Noeli iliyopasuka, gilandi, zile kamba za manyoya ya kung'aa, zilizonyonyoka kama mbwa mwenye upele, malaika wa bawa moja, Papa Noeli, yule Baba Krismasi, asiye na pua. Vitu hivyo havikutoka kwa mtoto yeyote. Vilitoka Kadutu, soko kubwa la Bukavu, kwenye mafungu ya chaguwa, yaani vitu ambavyo watu wa mbali wamevichoka na vinamwagwa juu ya turubai kwa yeyote anayetaka kuchagua. Maman Prezidante aliondoka alfajiri, akavuka daraja la mpakani la Rusizi ya Kwanza katikati ya wachuuzi na wabebaji, na akarudi mchana na mfuko kichwani akijifanya ametoka kumtembelea mgonjwa. Mama mmoja wa kikundi chetu, anayeuza parachichi pale mpakani, alikuwapo siku mfuko ulipofunguliwa ukaguliwe na vichwa vya Papa Noeli vikabingirika chini. Askari aliuliza ni nini. Maman Prezidante alijibu bila kupepesa macho: "Ni batakatifu, ila habajageuka bado."

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja tu, na niliwahi kumcheka sana kwa ajili yake: watu waseme kwamba mtoto wake hajamsahau. Binti huyo yupo kweli. Nilimwona akikua, ana kidevu cha mama yake na ukaidi wake. Alikwenda Ubelgiji kusomea uuguzi akabaki huko, na kila Mwaka Mpya alipiga simu akasalimia ukoo mzima kwa zamu. Ila hakutuma kitu. Wala boksi, wala shati, wala kalamu. Kwetu hilo si jambo dogo. Wanawake wa mtaa wetu hawakuulizi kama mwanao aliye nje ni mzima, wanakuuliza ametuma nini, na ukikosa jibu wanakutazama kwa huruma ambayo afadhali wangekutukana. Nawadharau kwa tabia hiyo, na ninayo mimi mwenyewe. Mwanangu yuko Kigali na hutuma salamu tu.

Kwa hiyo alinunua mapambo chakavu na kuyapaka rangi hadi yasitambulike, kisha akayatundika kanisani, mahali ambapo mji mzima ungeyaona kwa wakati mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa na taratibu zake, na hapo siwezi kumbeza ingawa ningependa. Kwanza sabuni ya unga na maji ya moto, hiyo ilikuwa idara yangu. Kisha kuanika juu ya bati. Kisha msasa, kila kipande, hadi mng'ao wa plastiki uishe, maana rangi ukiipaka juu ya plastiki inayong'aa hubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kisha rangi nyeupe ya chini, ikauke, na ndipo dhahabu. Mama mmoja mwenye haraka aliwahi kuruka msasa. Siku ya Noeli, Padri alipoinua kikombe, vipande vya dhahabu vilimwangukia kichwani kama mba, na kuanzia hapo mama yule alihamishiwa kwenye kumenya ndizi za sherehe bila kusamehewa. "Ku Bulaya habachezake na kazi," Maman Prezidante alimwambia. Yeye mwenyewe Ulaya aliijua kwa kalenda ya ukutani.

Kwa nini dhahabu tu? Nyekundu, alisema, ni rangi ya baa. Kijani ni ya majani, na majani tunayo ya bure. Buluu aliiachia Bikira Maria, tena kwa kipimo. Rangi yenyewe aliichukua kwa Mzee Saidi, Mwislamu mwenye duka la rangi Kamembe, ambaye alikuwa akimtania kwamba amebakiza kulipaka ziwa letu tu. Alikasirika siku nzima kwa utani huo, kisha nikamkuta jioni akiliangalia ziwa kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Ubishi wake mkubwa ulikuwa juu ya sanamu. Pango letu la Noeli lilikuwa limevamiwa na mchwa, na alijipa kazi ya kulijaza upya kwa watu kutoka Kadutu. Papa Noeli mmoja mkubwa alikatwa kofia kwa msumeno, ndevu zikapakwa kahawia, na mkono uliokuwa umeshika gunia ukapewa fimbo. Huyo ndiye Yosefu wetu hadi leo. Ana tumbo, ana mashavu ya mlevi, na ana buti. Padri alimzunguka, akamwuliza taratibu kwa nini Yosefu amenenepa hivi. "Padri, seremala anakulaka," alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Sungura wa Pasaka aligeuzwa punda, kazi nyepesi kwa kuwa masikio yalikuwa tayari. Yai alilokuwa amelikumbatia lilipakwa udongo likaitwa mzigo.

Halafu kulikuwa na Herode. Ndani ya boksi la mwaka mmoja tulikuta boga la plastiki lenye macho, meno, na tundu la taa ndani. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua ni la sikukuu gani, wala ni nani angetaka boga linalocheka mezani pake. Maman Prezidante alilizunguka kama mtu anayenunua mbuzi. Akasema ni Herode. Likapakwa dhahabu, likavishwa taji la bati, likawashwa taa na kuwekwa nyuma ya wale Mamajusi watatu, na watoto wote wa kipaimara wakakataa kwenda kumbusu Mtoto Yesu. Padri aliamuru Herode ageuzwe uso. Tangu hapo kila Noeli anawaka akiangalia ukuta, na hakuna aliyethubutu kumwambia Prezidante amtoe.

Alikuwa mchoyo, na hili nalisema kwa ushahidi wa ulimi wangu. Chai yake ilikuwa nyepesi mpaka unaona maua ya chini ya kikombe, na sukari aliiweka mwenyewe, kwa ncha ya kijiko, akikuangalia usoni ili uone haya. Aliwafungia nje waliochelewa mkutano, na yeye hakuwahi kufika kwa wakati. Lakini Idi ilipokaribia alizichukua nyota zetu bila kumwuliza mtu, akazifunika rangi ya fedha, akapanda ngazi mwenyewe kuzitundika dukani kwa Mzee Saidi. Akina mama walipong'aka, kwamba hizo ni nyota za Bethlehemu, aliwaambia kwamba nyota haibatizwake. Baada ya Idi zilirudi zikapakwa dhahabu tena. Ndivyo zilivyoendelea mwaka hadi mwaka, rangi juu ya rangi, hadi nyota ya plastiki ikawa na uzito wa jiwe la kusagia. Moja ilianguka wakati wa mazoezi ya kwaya na kuvunja kiti. Namshukuru Mungu kwamba waimbaji wa sauti ya pili walikuwa wamechelewa.

Mume wangu alipofariki, watu walikuja na maharage na maneno. Yeye alikuja siku ya nne na ndoo ya chokaa, akapaka sebule yangu yote bila kuniomba ruhusa wala kuniambia pole. Nilikuwa nimelala, sina nguvu ya kumfukuza. Alipomaliza kuta akavuta mstari wa dhahabu kuzunguka chumba kizima, usawa wa kiuno. Ni mbaya. Wageni huuliza kama nilinunua nyumba ya mganga. Sijaufuta, na mtu asiniulize kwa nini.

Sasa niseme habari ya nyota ya kwaya, maana ndiyo iliyonifanya nimtolee uvivu. Kwaya yetu ilikuwa na nyota ya waya, kubwa, ambayo ncha yake moja ilikatika, na mume wangu akaiunga kwa spoku ya baiskeli. Miaka ikapita. Maman Prezidante akaiona ni ya aibu, akaamuru ipelekwe kwa parokia moja ya maskini ng'ambo, Bukavu, na mimi ndiye niliyeivusha daraja kwa mikono yangu. Nilimchukia kwa hilo, kwa kuwa mume wangu alikuwa ameshazikwa. Baada ya hapo sijui ilipita kwa nani. Nijuacho ni kwamba mwaka uliofuata boksi la "Bulaya" lilifunguliwa, na katika fungu langu la kuosha nikatoa nyota ya waya iliyopakwa buluu. Maji ya moto yalipoibandua buluu ile, nikaona spoku.

Alikuwa amekwenda sokoni akanunua nyota aliyoitupa mwenyewe, na hakuitambua. Nilisimama nikiwa nimeishika, maji yakinidondoka mpaka viwikoni, na nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikamwendea. Akina mama walikuwa karibu, msasa ukisugua. Nikamwambia, si kwa sauti kubwa lakini si ya kunong'ona pia: "Maman Prezidante, hii nyota iko na spoku ya bwana yangu."

Aliitazama. Niliona anaelewa, hatua kwa hatua, kuanzia kwenye spoku hadi kwangu. Shingo yake ikapanda kidogo.

"Ata ku Bulaya bantu banapanda kinga," alisema, akaninyang'anya ile nyota, akaanza kuipaka nyeupe.

Kwamba Ulaya pia kuna baiskeli. Hilo ndilo jibu nililopewa. Ningeweza kumvua nguo palepale mbele ya kikundi kizima, nami nina mdomo, kila mtu anajua. Nilipogeuka nikakuta msasa umenyamaza na wote wameinamisha vichwa, wanatazama vitu vilivyo mikononi mwao kama wanafunzi wasiojua jibu. Ndipo nilipojua kwamba wanajua. Tulijua sote, na kila mmoja alikuwa amejidhania kuwa anajua peke yake. Yule muuza parachichi akakohoa, akasema kwamba mtoto huyu wa Ulaya kwa kweli ana moyo. Wengine wakaitikia. Sijawahi kusikia wanawake wakidanganya kwa umoja namna ile, wao ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi.

Aliyeharibu mambo ni Padri mpya, kijana, msomi, mwenye shukrani nyingi kuliko akili. Noeli yake ya kwanza kwetu alisimama altareni akamtaja binti yule kwa jina, akamshukuru kwa kulipamba kanisa miaka yote hii kutoka mbali, akaomba makofi. Kwaya ikapiga vigelegele. Maman Prezidante, kwenye benchi la mbele, aliinama kama anayesali, na mimi niliyekuwa nyuma yake niliona sikio lake linatetemeka. Mtu fulani alirekodi kwa simu, akaiweka kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na kutoka hapo video ikaenda inakokwenda kila kitu siku hizi. Ilifika Ubelgiji kabla mabaki ya wali hayajachacha.

Mwaka uliofuata magoti ya Maman Prezidante yakakataa ngazi na daraja. Akahamia Nkungu, kwa mdogo wake, milimani, mbali na Kadutu na mbali na sisi. Nilitegemea tungepumua. Badala yake Majilio yalipokaribia tulikaa uani kwangu tukitazamana, hakuna boksi, hakuna wa kutufokea, na mtu mmoja akasema heri tukaulizie yale mapambo ya zamani ameyaweka wapi. Katibu ni nani? Nikapanda pikipiki.

Nilimkuta barazani, mvua imekatika muda mfupi uliopita. Amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa kama ya mtoto, magazeti yametandazwa, kopo la dhahabu liko wazi pembeni. Amekonda. Kando yake kulikuwa na boksi, na macho yangu yalikwenda kwanza kwenye boksi kwa kuwa sikulitambua. Lilikuwa jipya. Lilikuwa na pembe zisizobonyea, mihuri ya posta na anwani yake iliyoandikwa kwa mkono.

Nikachungulia ndani. Mlikuwa na nyota za mbao nyembamba, nyeupe kama maziwa, zimesuguliwa laini hadi unataka kuziweka shavuni. Mlikuwa na ndege wadogo wa mbao hiyohiyo, kila mmoja na uzi wake wa kitani. Vyote havikuwa na rangi. Mistari ya mti ilionekana yote, na boksi zima lilinukia karakana ya seremala. Katika miaka yote ya kuosha sikuwahi kushika kitu kutoka kwa mama huyu ambacho hakikuhitaji chochote.

Nyota nne au tano zilikuwa tayari zimepakwa dhahabu, zimepangwa kwenye magazeti zikauke.

Nikamwuliza ni nani aliyempa. Akasema ni mtoto wake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni, na kwa mara ya kwanza nikamwamini.

"Aliona ile video," aliendelea. "Akanipigia. Aliniuliza, Maman, mi nilituma lini? Akauliza tena. Nikamuambia, basi tuma."

Alichovya brashi. Mkono wake haukuwa ule wa zamani, rangi ilimwagika kwenye kidole. Nilimwuliza, sasa kwa nini anavipaka, si ndivyo vya kweli hivi?

"Angalia muzuri," alisema. "Ni mbao mitupu. Bantu bamezoea dhahabu. Miaka yote mutoto yangu alikuwa anatuma dhahabu. Bakiona hii, batasema zamani alikuwa ananipenda."

Nilikuwa na jibu. Kwamba hakuna atakayesema hivyo, kwa kuwa hakuna mtu mtaani asiyejua dhahabu ile ilikuwa inatoka wapi. Nilikuwa nalo toka siku ya spoku, limenolewa kabisa, na nimelibeba miaka yote nikisubiri siku yake. Nilimtazama akisukuma brashi kwenye bawa la ndege mdogo, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo.

Nikamwambia kwamba rangi yake ni nzito mno, anapaka kama anakandika ukuta. Akasema basi nifanye mwenyewe kama ninajua. Nikavua viatu, nikakaa mkekani. Ile ndiyo zawadi pekee ya kweli iliyowahi kufika mikononi mwake, nami na yeye tuliiharibu yote, kipande kwa kipande, hadi jua lilipozama, tukigeuza kila nyota mara mbili kuhakikisha hakuna mahali ambapo mbao inaonekana.